Mtu wa Mwisho Kufuturu

Mtaani kwetu Kuze, mtu wa mwisho kufuturu alikuwa yule yule aliyetuambia tufuturu. Sisi tuliketi na tende mkononi, bilauri za maji ya ukwaju zikitoka jasho, masikio yote kwenye spika ya msikiti. Yeye alikuwa amesimama ndani mbele ya kipaza sauti, ana kiu kutushinda sote, maana mchana kutwa alikuwa darini akigeuza achari juani. Akianza kuita, mtaa mzima unakula. Yeye anaendelea kuita. Akifika mwisho sisi tumeshaingia kwenye sambusa. Hapo huomba dua yake, kisha akatoa tende moja mfukoni mwa kanzu, akaipuliza vumbi, akaila polepole huku akitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi kutoka mbali.

Waadhini wengine huonja kitu kwanza ndipo wakaita, wala si kosa. Siku moja nilimuuliza.

"Bwana Muadhini, mbona hutii tende moja kinywani kwanza? Sheria yaruhusu."

"Yaruhusu, Karani. Lakini nikila kwanza nitaita kama mtu aliyeshiba. Nani atamwitikia mtu aliyeshiba?"

Aliniita Karani kwa kuwa nilikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo upande wa bandarini. Kwenye baraza letu watu walijulikana kwa kazi zao, na kwa hivyo nami hapa nitamwita Muadhini tu. Jina lake silitaji. Aliyemjua atamtambua kwa kikohozi.

Nianze na hicho kikohozi basi. Kila mara kabla ya kuadhini alisafisha koo, "Ehem!", na spika ikakirusha kikohozi kile juu ya mapaa mpaka Kibokoni. Ramadhani za miaka ile ziliangukia kaskazi, jua likichoma mpaka mawe ya kuta yakawa moto jioni. Baada ya "Ehem!" palikuwa na kituo kifupi, kisha ndipo takbira ya kwanza. Kituo kile kilikuwa kirefu kuliko mchana mzima! Watoto waliinua tende mpaka midomoni. Akina mama walishika vikombe. Na wako watu wazima, tena wenye ndevu, waliozoea kula kwa kikohozi.

Mmoja wao alikuwa Fundi Cherehani. Huyu alishona kanzu katika duka moja Biashara Street, akaishi Bondeni, lakini jioni zake za Ramadhani alizileta kwetu kwa sababu ya mchezo wa dama. Alikuwa na mdomo kama mkasi wake. Ilipojulikana kwamba hula kwa kikohozi, alijitetea bila haya.

"Mwajua nyinyi dini au mwakisia? Kikohozi ni mlango wa adhana. Mtu akifungua mlango, mgeni si ameshafika?"

"Ameshafika mlangoni," Muadhini akajibu. "Hajakaribishwa ndani. Siku hizo zote utazilipa, Fundi, na mimi nitakuwa shahidi."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Muadhini lile jambo lilimkaa. Kesho yake alikikohoa kikohozi chake akiwa uani, mbali na kipaza sauti. Adhana ikatoka ghafla, hata mke wangu akaangusha kijiko. Tangu siku ile hatukusikia tena "Ehem" kwenye spika. Alisema hawezi kuwa yeye ndiye anayewaponza watu kwa sababu ya koo lake. Nasi, kusema kweli, tulikikosa. Ile nukta ya kungoja ilikuwa na utamu wake, tamu karibu kama tende yenyewe.

Hapo ndipo naona mtu huyu alipotofautiana na wazee wengine waliotuhubiria subira. Wao waliizungumza kama dawa chungu. Yeye kungoja kulimchangamsha! Mwezi wa Idi ukikaribia kuandama, alikuwa juu ya dari kabla jua halijagusa mapaa, anaruka huku na huku, anaegemea ukuta, anatuita tulio chini: "Njooni, njooni! Leo yuaja, naapa yuaja!" Usipoonekana, hakukunja uso. Alishuka akisugua viganja. "Basi tumeongezewa siku moja ya kuutamani," akasema, na sisi tuliotaka kula biriani kesho yake tukamtazama kama mwendawazimu.

Dama ndiyo iliyotukutanisha mimi na yeye. Tulicheza baada ya Alasiri, kwenye baraza la nyumba inayotazamana na msikiti, ubao tumeupaka rangi wenyewe, kete zetu vifuniko vya soda, vya huyu vimelala chali na vya yule kifudifudi. Kwa asiyeijua dama, ina sheria moja ya kikatili: ukipewa kete, lazima uile. Hata uone mtego mchana kweupe, hata ujue kete ile imewekwa pale ili ikuue, huna ruhusa ya kuipita. Mchezaji mbaya akipewa hufurahi. Mchezaji mzuri akipewa hutoka jasho.

Muadhini alitoa kete zake kama sadaka ya Ijumaa. "Kula, baba, kula. Ramadhani nje, ndani ya ubao ni halali." Nawe ukala, moja, ya pili, ukazipanga pembeni mwako kwa furaha, wenzako wakikupongeza. Ukija kutanabahi, yeye amebaki na kete chache, lakini zimekaa mahali zinapotaka. Kisha moja inaruka, tak, tak, tak! Inakwenda mpaka nyuma yako, inakuwa kingi, na kingi wa dama hukata ubao mzima kwa hatua moja. Baraza zima linapiga kelele: "Umelishwa! Umelishwa!" Mpita njia akisikia kelele zile angedhani timu ya taifa imefunga bao.

Mimi nililishwa mara nyingi kuliko wote. Nina ugonjwa mmoja tangu ujana, siwezi kuuacha mkono mtupu. Nikiona cha kuchukua, mkono umeshatoka kabla ya akili. Muadhini aliujua ugonjwa huo akawa akiutania.

"Karani, wewe ungekuwa samaki, mvuvi angekuja na ndoano tupu. Chambo angekula mwenyewe."

Riziki yake ilikuwa achari. Alitengeneza ya ndimu na ya maembe, kwenye magudulia ya kioo aliyoyapanga juu ya dari la nyumba yake, akayageuza jua linavyogeuka. Sheria yake ilikuwa moja: haitoki mpaka iive, na kuiva aliamua yeye kwa pua. Watu walimsihi kila karibu na Ramadhani. Kuna siku dereva wa nyumba moja kubwa ya Kizingo alikuja na gari mpaka mwanzo wa uchochoro, akaingia kwa miguu akiuliza watu, akamkuta Muadhini ameketi mlangoni.

"Bibi ana wageni leo. Ataka gudulia moja. Yuko tayari kulipa mara mbili."

"Mwambie bibi haijaiva."

"Yeye asema hata hivyo hivyo ilivyo."

"Hivyo ilivyo ni ndimu na chumvi. Hizo anazo jikoni kwake."

Dereva akaenda zake amenuna. Nami nilikuwapo, nikamlaumu kwa kuitupa bahati. Hatujamaliza maneno, akatokea mke wa mchukuzi mmoja wa mkokoteni, mwanamke wa Kigiriama, tumbo mbele, anahema. Alikuwa akipita tu na harufu imemvuta. Akasimama, macho juu, darini. Muadhini alipanda ngazi mbio kama kijana, akafungua gudulia lile lile alilomnyima bibi wa Kizingo, akateremka na bakuli limejaa.

"Shika, mwanangu. Haijaiva, lakini hiyo mimba yako haingoji mpaka iive."

Yule mama akala pale pale amesimama, machozi yanamtoka kwa ukali, anacheka. Muadhini naye anacheka. Nikamwuliza imekuwaje, sheria imekwenda wapi?

"Sheria i papo hapo," akasema. "Vitatu havingoji, Karani: maiti, mimba na msamaha. Vilivyobaki vyote, kaa navyo kwanza."

Msemo huo aliurudia mara nyingi, nami niliusikia kama unavyosikia saa ya ukutani, yaani sikuusikia.

Asidhani mtu kwamba aliishi sawasawa na msemo wake. Muadhini alimwona mkewe mara ya kwanza sokoni Marikiti, binti akichagua ndimu moja moja kwa kuzinusa. Siku ile ile akatuma wazee, na kabla ya wiki kwisha nikah ikafungwa. Tulimkamata barazani.

"Ndimu wazingoja, mke humngoji?" Fundi Cherehani akamuuliza.

"Ndimu hazina washindani, Fundi. Wewe ulikuwa Marikiti siku ile ile, nilikuona. Ulikuwa wamtazama nani?"

Fundi akajifanya anapanga kete, na baraza likaanguka kwa kicheko.

Na kuna mambo aliyoyangoja mpaka yakaharibika. Aliletewa kanzu kutoka Maka na mtu aliyekwenda Hija, kanzu nyeupe ya kitambaa laini kama maji. Akaiweka sandukuni ivaliwe Idi. Idi ikaja, akasema ni mapema, angoje Idi ya Mfunguo Tatu. Ikaja hiyo nayo, akasema kanzu kama ile yataka siku kubwa zaidi. Sijui alingoja siku gani! Alipoifungua hatimaye mbele yetu, ili aturingie, nondo walikuwa wameshaivaa wao. Kifua chote kilikuwa matundu, ungeweza kuchekechea unga. Yeye akaiinua kuielekeza kwenye mwanga, akatutazama kupitia tundu moja, jicho moja tu linaonekana, akasema, "Wao wamejua siku kubwa ni ipi." Akaivaa hivyo hivyo, akaenda nayo kuswali Adhuhuri. Mpaka leo nikiona kitu kizuri kimefungiwa kabatini naliona jicho lile.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Mwaka mmoja, katikati ya Ramadhani, ofisini kwetu ilitoka habari kwamba wanapunguza watu. Atakayejitolea kustaafu kwa hiari atapewa kitita chake chote kwa mara moja, mkononi. Atakayebaki angoje umri wake, apate pensheni kidogo kidogo kila mwezi. Tulipewa muda wa kufikiri mpaka Idi ipite. Lo! Usingizi ulinitoka kwa furaha. Maishani mwangu sikupata kushika kitita. Nilishaona pikapu yangu, ya buluu, inatoka Kaloleni imejaa nazi na machungwa, inaingia Marikiti, watu wananipisha. Nilizungumza habari ya pikapu barazani kila jioni mpaka watu wakaipa jina kabla sijainunua.

Mke wangu alisema neno moja tu: "Mume wangu, wamekupa mpaka Idi. Basi ngoja hiyo Idi." Nikamwambia biashara haitaki woga.

Siku zile zile ndipo baraza letu likapambana na baraza la Bondeni kwa dama. Kila Ramadhani tulipambana, na sharti lilikuwa hili: watakaofungwa wapike biriani siku ya pili ya Idi, na wailete kwa washindi kwa miguu, sinia kichwani, mchana, mbele za watu. Biriani yenyewe si kitu. Ile safari ndiyo iliyotisha! Mwaka uliotangulia Bondeni ndio walioileta kwetu, nasi tuliwapokea kwa kupiga madebe, na Fundi Cherehani, aliyelibeba sinia, aliapa mbele ya watu kwamba haitatokea tena.

Ilikuwa jioni moja ya siku za mwisho za mfungo. Baraza lilijaa, wengine wamekaa madirishani, wengine wamesimama juu ya mkokoteni. Michezo ilikwenda sare. Muadhini alimshinda mtu wake mapema, akaja kuchuchumaa kando yangu. Ukabaki ubao mmoja: mimi na Fundi Cherehani.

Nilicheza vizuri, wallahi. Sijawahi kucheza vile. Nilimbana upande wa kushoto mpaka akaacha kusema, na Fundi akiacha kusema ujue yuko taabani. Watu wetu wakaanza kuchapa viganja. Kisha akafanya jambo la ajabu. Akasukuma kete mbele polepole, akarudisha mkono mfukoni. Nikatazama. Nilikuwa na njia mbili za kula: kushoto kete moja, kulia kete mbili. Kwa sheria yetu, kula ni lazima lakini njia unachagua mwenyewe.

Nilimsikia Muadhini akivuta pumzi. Mtazamaji haruhusiwi kusema, naye hakusema. Lakini pumzi ile ilikuwa ndefu, na ningekuwa na sikio ningeielewa. Mbili! Mkono ukatoka. Nikala mbili, nikazigonga ubaoni kwa kishindo, watu wetu wakaruka.

"Ahsante, Karani," Fundi akasema kwa upole wa kutisha. "Mola akuzidishie."

Tak. Tak. Tak. Tatu zangu zikaondoka, kete yake ikakaa kwenye mstari wangu wa nyuma, kingi. Bondeni wote wakapasuka: "Umelishwaa!" Mkokoteni ukainuka upande mmoja, watu wakamwagika, hakuna aliyejali. Fundi aliinuliwa mabegani, akapeperusha kofia. "Pilipili muweke kwa kiasi!" akanipigia kelele kutoka juu. "Tumbo langu la kifalme!"

Hata mimi sasa nikikumbuka nacheka. Siku ile sikucheka. Nilikaa natazama zile kete mbili nilizokula. Muadhini akasogea, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya kawaida, lakini watu wa karibu walisikia:

"Karani, ndani ya dama kula ni lazima. Huko ofisini kwenu si lazima. Umepewa mpaka Idi. Tazama kwanza kete zilizo nyuma yake."

Maneno yalikuwa mazuri, na wakati wake ulikuwa huo huo. Lakini mimi nilikuwa nimeaibika mbele ya mitaa miwili. Nikaukung'uta mkono wake. Nikasema, nami kwa sauti ili wasikie:

"Wewe utanifundisha nini habari ya kuchukua? Wewe hula mwisho kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukupa kwanza."

Fundi, juu ya mabega ya watu wa Bondeni, akaishusha kofia yake. Muadhini alinitazama, si kwa hasira. Kisha akatazama kivuli kilipofika ukutani.

"Saa imefika," akasema, akavuka uchochoro akaingia msikitini.

Adhana ya siku ile ilitoka safi kuliko zote. Mtu mmoja akanitia tende mkononi, nikala kwa sauti ya mtu niliyetoka kumtukana.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini nikatia sahihi. Idi haikungojwa.

Siku ya pili ya Idi nililibeba sinia mwenyewe mpaka Bondeni, kwa kuwa mimi ndiye niliyefungwa. Muadhini hakuwamo katika msafara, au alikuwamo nyuma nami sikugeuka. Pikapu niliipata, ya buluu kweli, na miezi ya kwanza niliruka kwa furaha! Uchochoroni mwetu haikuweza kuingia, nikawa naiacha barabarani na kupiga honi ili watu wajue nimefika. Kisha ikala injini moja, ikala na ya pili, mwisho ikauzwa kwa wanunua vyuma. Mke wangu akaanza kukaanga bajia na viazi vya karai mlangoni, na ndivyo tulivyoishi. Sisemi waliobaki ofisini wote walineemeka. Wengine walikuja kuondolewa baadaye bila hata mkono wa kwaheri. Huenda hata ningengoja Idi ningetia sahihi ile ile. Lakini ningetia sahihi nikiwa nimekaa na mke wangu, nimeuliza waliotangulia, nimetazama nyuma ya kete. Niliharakisha kwa sababu nilifungwa dama na nikaambiwa ukweli siku ile ile. Hakuna aliyenilisha. Nilijilisha.

Na lile la kuharakishwa nikalingojesha. Kila nikitaka kwenda kumwomba radhi nilisema si leo, nitakwenda nikiwa na pikapu mpya, nitakwenda mambo yakitengemaa, nitakwenda Idi. Ikawa kama ile kanzu. Nikahamia msikiti wa upande wa Kibokoni. Mji wa Kale ni mdogo, lakini mtu akitaka kumkwepa mwenzake vichochoro vipo vya kutosha. Nilipomwona kwa mbali na ndoo yake ya ndimu nilikata kona. Spika tu ndiyo sikuweza kuikwepa. Miaka ikapita, na kila Ramadhani nilifuturu kwa sauti yake, maana kwenye dirisha letu ndiyo iliyofika kwanza. Alinilisha kila jioni, na mimi nikapita kona.

Mpaka jioni moja, miaka ya tisini inakwisha. Ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo. Tumekaa mkekani, tende mkononi, mke wangu ameshika jagi. Takbira ikatoka. Sauti ya kijana! Nzuri, changa, isiyo yake.

Mke wangu alinitazama. "Kwani Muadhini…"

Sikungoja amalize. Sijui nilivaaje makubazi. Nilitoka mbio na tende ile mkononi, mzee mzima, msuli nimeukamata kwa mkono mmoja. Na saa ile ndiyo saa ambayo mji wote uko ndani. Vichochoro vitupu, hata paka hayupo, milangoni yanuka mahamri na uji wa pilipili manga, vijiko vinagonga vikombe kila upande. Nilikuwa mimi tu na nyayo zangu na ile sauti ya kijana juu yangu, na moyo unaniambia, umechelewa, Karani, maiti haingoji na wewe umengoja.

Alikuwa barazani! Ameketi pale pale tulipochezea dama, amekonda, shingo imefungwa kitambaa cha pamba. Mkononi ana tende. Hajaila. Kijana alikuwa anamalizia kuita, na yeye midomo inakwenda pamoja naye, neno kwa neno, bila sauti.

Nikasimama mbele yake nahema. Adhana ikaisha. 

"Nilikutukana," nikasema. "Nimekuja unisamehe."

Alijaribu kusema, kikatoka kinong'ono kama karatasi inayokunjwa. Ikabidi nimwinamie. Koo lake lilikuwa limekwisha, madaktari wamemkataza kuita.

"Ulikuwa wapi? Nilikusamehe siku ile ile. Kabla sijashika kipaza sauti."

"Siku ile?"

"Naam! Ningewaitaje watu kula, na moyo una jiwe?" Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Msamaha haungoji, Karani. Wako ulikuwa tayari. Mwenyewe hukuja kuuchukua."

Nikakaa chini pale barazani, kando yake. Akanitazama, kisha akaitazama tende iliyo mkononi mwangu, imebondeka, imeniganda vidoleni.

"Hujala?"

"Sijala."

"Kuze yote imekula." Nikaona mabega yanamtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka kile kicheko chake bila sauti. "Basi leo wa mwisho si mimi peke yangu."

Nikamwambia aanze yeye. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tafadhali, mgonjwa ni yeye. Akakataa kata kata, akaniashiria kwa kidole: wewe. Kisha akakaa wima, akavuta kanzu yake mabegani kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya kipaza sauti, akainua kichwa.

"Ehem!" akakohoa.

Nikala.